Mashamba Saba Chini ya Wingu

Sixte alikuwa mtu mpole, lakini ukitaka kumwona amekasirika ungemwonyesha ramani iliyokatwa kwa kukadiria. Angeishika kwa ncha za vidole, aipeleke dirishani, aiangalie, kisha aseme, "Na huyu naye analipwa." Halafu anairudisha mezani taratibu kama mtu aliyeonja maziwa akakuta yamechacha.

Namjua vizuri kwa sababu tumekaa meza moja miaka minne. Mimi ni Fausta, mzaliwa wa Usevya, na kazi yangu katika stesheneri ya Mama Faith hapa Mpanda mjini ni kuchapa barua, kutoa kopi na kupiga laminesheni vyeti vya watu. Sixte alikuwa upande wa grafiki: kadi za harusi, mabango ya mikutano ya injili, fulana za vikundi vya akina mama. Kwao ni vijiji vya milimani huko Mwese. Babu zake walitoka Burundi, yeye na mama yake ni Watanzania kwa karatasi, na karatasi hizo mama yake amezifunga kwenye nailoni tatu, akaziweka chini kabisa ya sanduku. Sixte alishuka mjini baada ya kidato cha nne, akajifunza kompyuta kwa kuharibu za watu, akapanga chumba Ilembo. Hakuwa na makuu. Alipenda kazi itoke safi, basi.

Kazi ya ramani ilitukuta mwaka ule kampuni moja ya upimaji ilipopewa vijiji tisa, watu wapate hati za kimila za mashamba yao. Kiongozi wa timu yao, Bwana Respicius, alikuja dukani na diski mfukoni. Kila kijiji kilikuwa na faili mbili. Moja ilikuwa picha iliyopigwa kutoka angani, unaona mapaa, mito na mashamba. Ya pili ilikuwa mistari mitupu: mpaka wa kila shamba na namba ya mwenyewe. Ukizilaza moja juu ya nyingine zinakaa kona kwa kona. Kazi yetu ilikuwa kuzikata zote mbili ziingie kwenye karatasi ya A3, na zikishakatwa ziendelee kukaa vilevile.

Hapo ndipo mafundi wengi wa mjini hapa wanapoharibu. Wanakata picha kwa kuburuta kipanya, halafu wanaburuta tena kukata mistari, wakiamini macho yao. Jicho linakosea kwa unene wa unywele, na unywele kwenye karatasi ni matuta mawili ya mihogo huko shambani. Wagombanishe ndugu kwa matuta mawili ya mihogo uone kama watazikana.

Sixte hakuburuta. Alichora fremu moja juu ya picha, akaandika namba zake nne kwenye daftari: kushoto, kulia, juu, chini. Akakata picha. Akaifunga, maana kompyuta yetu ilikuwa kuukuu na ukiifungulia faili zote mbili kwa pamoja inaganda mpaka uende kunywa chai urudi. Kisha akafungua mistari peke yake, akaandika namba zilezile nne, akabonyeza. Akiziunganisha mwishoni, hazipishani hata nukta. Mara nyingine nilimwambia afungue zote aangalie kabla hajakata, naye alicheka.

"Dada Fausta, niangalie nini? Namba ni namba."

Kijiji cha sita kilikuwa cha kwao. Siku hiyo alinivuta kiti nisogee. Kwenye kioo kulikuwa na milima ya kijani iliyokunjamana, mto unapinda, na karibu na kona ya mto paa moja la bati linang'aa.

"Pale ndipo kwetu," alisema. "Pale Mawe amekaa anachambua maharage."

Mawe ndivyo wanavyomwita mama huko kwao. Nilimwangalia uso, ulikuwa umechangamka kama wa mtoto. Nikamwambia mama yake ana paa zuri. Wala si mimi wala si yeye aliyefikiri kwamba mtu anayekijua kijiji kwa miguu hawezi kukijua kutoka juu kwa ndege. Mito ya kule inapinda mara mbili, na ile ilikuwa kona nyingine. Paa lile lilikuwa ghala la jirani yao, mzee Anselmo, mwendo wa nusu saa kabla hujafika kwa mama yake.

Bwana Respicius alikuwa amesimama nyuma yetu anaangalia saa. Ramani zilitakiwa Ijumaa, na kila karatasi ilipaswa kubeba nembo nne za wakubwa, kisanduku cha maelezo na nafasi za sahihi. Vijiji vingine vilikuwa na msitu pembeni, unaukata bila kuumiza mtu. Kijiji hiki kilijaa mashamba hadi ukingoni, isipokuwa mashariki, ambako picha ilikuwa na wingu jeupe la ukubwa wa kiganja.

"Kata hapo kwenye wingu," alisema Respicius. "Tuweke nembo."

Kama Sixte angebisha, leo ningekuwa na mtu mmoja wa kumlaani na ningelala vizuri. Lakini hakubisha. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Ni sawa, nyuma ya kwetu ni msitu mtupu." Akachora fremu, akaandika namba nne, akakata picha, akaifunga, akafungua mistari, akaandika namba nne, akabonyeza. Nembo zikakaa vizuri.

Chini ya wingu lile kulikuwa na mashamba saba. Timu ya Respicius ilikuwa imeyapima kwa miguu, mistari yake ilikuwepo kwenye faili, na namba zake zilikuwepo. Namba 214 ilikuwa ya Séverine, mama yake Sixte. Na linaloniuma hadi leo ni kwamba kazi ilikuwa safi mno. Angekata ovyo kama wenzake, mistari ya yale mashamba ingechungulia nje ya picha, ingepita juu ya nembo za wakubwa, mtu angeuliza hii ni nini. Kazi ya Sixte haikuchungulia. Iliishia mahali pamoja, picha na mistari, na mtu yeyote angeapa kuwa kijiji kimeishia pale.

Ramani ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji siku kumi na nne, na chini yake daftari la malalamiko limefungwa kwa kamba na kalamu. Yaliyotokea siku hizo nilisimuliwa baadaye na Emelyne, dada yake Sixte.

Mama Séverine alifika siku ya pili. Hajui kusoma sana, lakini shamba analijua. Aliweka kidole kwenye njia, akapita kwa mzee Anselmo, akavuka mto, akafika mpaka wa jirani wa mwisho. Baada ya hapo kulikuwa na nembo. Alirudia mara tatu. Kisha akashusha mkono, akatoka nje, na Emelyne anasema alikuwa anatabasamu.

Sasa mtu wa Usevya kama mimi ningepiga kelele hadi mtendaji atoke ofisini na kijiko mdomoni. Sisi Wapimbwe hatujawahi kuogopa daftari. Lakini mama Séverine amekua katika watu ambao karatasi ya serikali ikisomwa na jina lako limo, unaanza kufunga vyombo. Mama yake mwenyewe alisomwa kwenye orodha, wakahama. Shangazi yake alisomwa, akahama. Waliosahauliwa ndio walibaki wakavuna. Kwa hiyo alipoona mashamba saba hayamo, na anajua mwanawe ndiye anayezikata ramani hizo mjini, alielewa mara moja: Sixte amewaficha.

Jioni ile alipita nyumba sita. Aliwaambia kila mmoja kwa sauti ya chini kwamba mwanawe amewatoa kwenye karatasi, wasiandike chochote kwenye daftari, wasiulize, wala wasiguse jambo hilo kwenye simu. Mambo ya namna hiyo hayasemwi kwenye simu. Watu sita wakamshukuru. Mmoja alimletea kuku.

Wiki hiyo Sixte alimpigia mama yake akiwa mezani pale. Aliweka spika, kwa fahari.

"Mawe, mmeiona ramani?"

"Tumeiona mwanangu."

"Iko sawa?"

Mama alishusha sauti. Halafu akasema, "Umefanya kazi ya mtu mwenye akili. Mungu akuongezee."

Sixte alikata simu akanitazama. Siku nzima alipiga mluzi. Alinunua soda mbili, moja yake na moja yangu, na mimi nikainywa.

Siku kumi na nne ziliisha, daftari jeupe, ramani ikapigwa muhuri. Sehemu isiyo na mistari iliandikwa ardhi ya akiba ya kijiji. Baada ya miezi mitatu, mtendaji wa kijiji, Gervas, alifika kwa mama Séverine na vijana wa kupigilia vigingi na mtu mmoja wa kutoka mbali aliyepewa eneo apande miti ya mbao. Mama alikuwa uani kwake, amesimama kati ya jiko na banda la mbuzi. Gervas alifunua karatasi akamwonyesha.

"Ramani inasema hapa hakuna mtu," alimwambia.

Emelyne ndiye aliyepanda pikipiki kesho yake akashuka Mpanda, akaingia dukani na vumbi hadi kwenye kope, akasema palepale mbele ya wateja, "Kaka, mpango wako umefikia wapi? Wameanza kupigilia vigingi."

"Mpango gani?" Sixte aliuliza.

Alipomaliza kueleza, Sixte alikuwa ameshafungua faili ya asili ya mistari, ile ambayo haijakatwa. Aliisogeza mashariki. Mashamba yakatokea moja moja, yamepangana vizuri, 211, 212, 213. Alipofika 214 aliondoa mkono kwenye kipanya akauweka magotini. Kisha akafungua picha, akaweka wingu chini ya mistari, akachapa karatasi kubwa bila nembo hata moja. Ilitoka nzuri. Mashamba saba kwa mistari myeusi juu ya weupe.

Respicius aliitazama karatasi hiyo akiwa amesimama nje ya gari lake, injini inaunguruma. "Siku kumi na nne walikuwa wapi?" alisema. "Daftari halina hata doa." Kisha akaongeza, na hili simsamehe, "Na aliyekata ni wewe, Sixte. Mimi nilikuambia ukate wingu." Akapanda gari.

Tulienda ofisi ya ardhi. Huko tulipokelewa vizuri, tukaambiwa mlango mmoja bado uko wazi: barua ya malalamiko yenye sahihi au dole gumba la wenye mashamba wote saba, pamoja na ile ramani kamili, ifike kabla ya tarehe ishirini. Ilikuwa tarehe kumi na moja. Mashamba yalikuwa yanaokoleka. Nataka mtu aelewe hivyo, kwamba hadi siku ile yalikuwa yanaokoleka kwa madole saba tu.

Nilichapa barua mwenyewe. Sixte akaniomba nimsindikize. "Nikiwa peke yangu nitashindwa kumwambia Mawe kwamba nilikosea," alisema. Kwa hiyo kesho yake tulipanda pikipiki mbili, yeye na Emelyne moja, mimi nyingine, tukapanda milima ya Mwese, mahali pengine tunashuka na kusukuma. Mimi nilikuwa nimevaa sketi ya kazini na shati jeupe, na mkononi nina faili la plastiki lenye barua, na kidau cha wino wa madole. Nilifikiri ndiyo heshima. Mjinga mimi.

Uani kwa mama Séverine walikuwa wamekaa wenye mashamba wote saba. Walinyanyuka waliponiona. Mama alileta kiti cha pekee chenye mgongo, akakifuta kwa khanga, akanikalisha mimi badala ya mzee Anselmo, aliyekuja kama jirani na shahidi. Sixte alisimama katikati akaifunua ramani. Alisema kwa Kiswahili, kwa ajili yangu, ili nisikae kama gogo.

"Wazazi wangu, mimi sikuwaficha. Niliwakata bila kuwaona. Niliona wingu, nikadhani ni msitu. Ni kosa langu. Sasa tukiandika barua hii wote, mashamba yanarudi."

Walisikiliza hadi mwisho. Kisha nikaona macho yanageuka polepole, yanaacha uso wa Sixte, yanakuja kwenye shati langu, kwenye faili langu, kwenye kidau changu cha wino. Mama Séverine akatikisa kichwa kwa upole mkubwa.

"Ndiyo mwanangu," alisema. "Ulikosea. Binadamu hukosea." Na jicho lake lilikuwa linamwambia kitu kingine kabisa.

Mzee Anselmo akageukia kwangu, akapaza sauti kama anaongea na mtu aliye ng'ambo ya mto. "Sisi na serikali hatuna malalamiko yoyote, dada. Tunaishi vizuri."

"Mzee wangu, mimi si serikali. Mimi nachapa barua tu dukani."

"Ndiyo, dada," alisema, na wote wakacheka kidogo kwa adabu.

"Nyie wazee mwogopeni Mungu!" Emelyne alipiga kelele. "Kaka anasema kweli!" Akachovya dole gumba lake kwenye wino akalibandika chini ya barua. Lakini Emelyne hana shamba pale, ameolewa kijiji cha chini, dole lake halikuwa na namba yoyote.

Sixte aliniinamia akanong'ona niende nikamsubiri barabarani kwa waendesha pikipiki, labda nikitoka watasikia. Nilitoka. Nilikaa juu ya jiwe zaidi ya saa nzima, nakula vumbi na hasira. Aliporudi alikuwa na barua ileile, dole la Emelyne peke yake chini.

"Imekuwa mbaya zaidi," alisema. "Nilipokutoa ndipo walipoamini kabisa kuwa wewe ni mtu wa serikali. Mawe amenishika mikono miwili ananiambia, mwanangu, usiseme hata kwetu, maneno yana miguu. Anasema vigingi vilikuja hata zamani, vikaoza. Nimepiga magoti, Dada Fausta. Nimelia. Wanasema ninajua kuigiza."

Alirudi tena tarehe kumi na tano bila mimi, na tarehe kumi na nane akiwa na katekista. Walimpa ubwabwa na maharage. Hakuna aliyetia dole. Tarehe ishirini ilipita.

Trekta lilifika mwezi uliofuata. Siyasimulii yale, Emelyne alikuwepo na hata yeye huishia njiani. Familia zile sita zilitawanyika kwa ndugu, wengine chini Mishamo, wengine sijui wapi. Mama Séverine aliletwa Ilembo kwenye chumba cha Sixte, na sanduku lake, na zile karatasi za uraia katika nailoni tatu.

Mimi nilidhani sasa walau atakubali. Hakukubali. Aliwaza mwenyewe, akapata jibu lake. Majirani wa Ilembo ndio walioniambia anachosema akikaa kibarazani: kwamba mwanawe aliwaficha vizuri kabisa, hata malaika wasingewaona, ila alikuja mwanamke mmoja mwenye shati jeupe na mafaili, akahesabu watu uani, akaenda kuwauza kwa mtu wa miti. Jina langu analitaja lote, na la Usevya pia.

Nilimfuata Sixte mezani nikiwa nawaka. Nilimwambia leo hii twende wote kwa mama yako umwambie ukweli mbele yangu. Alikuwa anakata kadi ya harusi, hakuinua kichwa.

"Nimemwambia mara ngapi?" alisema. Kisha akaongeza, "Safari hii akiamini, atabaki na nini? Shamba hana. Wale sita aliwanyamazisha yeye, nyumba kwa nyumba. Mwache abaki na mtoto mmoja mwenye akili. Nakuomba, Dada Fausta. Usikanushe."

Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kipimbwe ili Mama Faith asielewe. Lakini nilikubali, na sijui kama ni huruma au ni ile soda yake niliyoinywa.

Jumamosi nilipeleka Ilembo unga na sukari, kwa sababu mgeni ni mgeni. Mama Séverine alikuwa kibarazani na ungo mapajani. Nilipiga goti, nikamwambia shikamoo. Alinitazama kuanzia viatuni hadi usoni, akatema mate pembeni, akasogeza ungo wake mbali nami. Sixte alikuwa amesimama mlangoni, amesikia, ameona. Akaupokea unga kutoka mikononi mwangu, akaingia ndani, akafunga mlango.